Kofia Ile Haikuwa Yake

Mapendo mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na minye nimefunga mlango kwa komeo kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, kile tulichokikata miguu, kwa sababu kiko karibu na dirisha na mwanga bado upo. Nina saa moja, labda mbili kama wale wasichana wataanza kukuchekesha. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, na ukiniuliza nitasema uongo, maana katika jambo hili nimekudanganya miaka mingi na mdomo wangu umeshazoea.

Sitakuandikia habari za nguo na chakula. Baba yako mdogo kule Bukavu anakujua, na mke wake atakufundisha baridi ya kule kuliko minye ninavyoweza. Ila kifuniko cha lenzi kiko kwenye mfuko mdogo wa pembeni. Na pale bariere, askari wanapofungua mizigo ya watu, usiwe umeishika kamera mkononi, iache ndani ya mzigo, chini ya mfuko wa unga. Haya, nimesema sitatoa maagizo na tayari nimetoa mawili. Univumilie. Tangu juzi roho yangu haitulii, nikiweka kitu chini nasahau nimekiweka wapi, na usiku nasikia kamyo zinanguruma barabarani hata kama hazipiti.

Ninachotaka kukuambia ni habari ya Baba Sadiki, yule wa Katogota. Unamkumbuka vizuri, najua. Ulikuwa na miaka kumi na moja, na alikuletea mahindi mabichi yamefungwa na majani yake. Mara tatu umeniuliza alikwenda wapi, na mara zote tatu nimekujibu kwamba alihamia Burundi. Hakuhamia. Nitafika huko, lakini naomba nizunguke kidogo kwanza, kwa sababu nikianza na mwisho kalamu itanishinda.

Unakwenda kufanya kazi ya foto. Watu watakuambia kazi hiyo ni kamera, na baba yako mdogo atakuambia ni mwanga. Marehemu baba yako naye alisema hivyohivyo, alikuwa akipima mwanga wa mlangoni kama mtu anayeonja mchuzi. Lakini hapa kwenye studio yetu ya nyumbani yeye alibonyeza tu. Kabla hajabonyeza, minye nilikuwa nimeshafanya kazi. Mtu anaingia, amesimama kama nguzo, mabega yamepanda mpaka masikioni, pumzi ameibana, macho yanatafuta mlango. Mtu huyo ukimpiga foto hivyo, utampa karatasi ya mtu anayengoja sindano. Kazi yangu ilikuwa kumrudisha awe mtu.

Wakati wa uhuru tulikuwa na koti moja. Unalikumbuka, la bluu, lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Mtaa wetu wote wa Mulongwe ulivaa koti lile. Kila mwanaume alitaka koti, tai, kalamu mfukoni na ile redio yetu iliyokufa juu ya meza, kama vile anasikiliza habari za Leopoldville. Wembamba niliwabana kwa vibanio vya nguo mgongoni, na wanene niliwaambia waweke mkono mbele, kifungo kisionekane hakifiki. Nilicheka sana miaka ile. Nilidhani ninawapa watu heshima, na kwa kweli wengi walitoka hapa wanatembea vizuri kuliko walivyoingia. Watu waliokuwa wamezoea kuitwa kwa kidole walikaa kwenye kiti hiki wakaulizwa, "Baba, unapenda upande gani wa uso wako?" Wengi hawakuwa wamewahi kuulizwa.

Pia nilijifunza mambo ambayo bado nayaamini. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza samaki wadogo, ndagala, pale sokoni, meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, na kila baba yako alipoinama kwenye kamera mama yule alifunika mdomo kwa mkono. Baba yako akamwambia atoe mkono. Akautoa, akaurudisha. Akaambiwa tena. Nikamwambia baba yako atoke nje akavute sigara. Nikakaa chini, nikamuuliza mama yule ndagala za wiki hii zilikauka vizuri au mvua imeziharibu. Weye, alinisomea kesi yote: mvua, wavuvi, shemeji yake aliyechanganya mchanga ili kilo iongezeke. Alikuwa na hasira mpaka mikono yote miwili ikapanda hewani. Baba yako alirudi taratibu akabonyeza. Alipoiona foto ile mama akasema, "Huyu ni minye kabisa." Meno hayapo, na hakuyaulizia.

Kwa hiyo usimwambie mtu acheke. Usimwambie asiogope, maana hapo ndipo atakumbuka kwamba anaogopa. Muulize jambo analolijua kuliko weye. Na muulize foto ni ya nani, nani ataiweka ukutani. Uso wa mtu hubadilika akimtaja yule atakayeiangalia. Hili nililijua zamani, na ndilo linaloniumiza, kwamba nililijua na siku ile sikulifuata.

Miaka michache baada ya uhuru, waasi walipokuwa wameushika mji wetu wa Uvira, kijana mmoja wao alikuja kupigwa foto. Alikuwa na kofia kama walizovaa waasi, iliyoshonewa kipande cha ngozi ya mnyama mbele. Baada ya foto alisikia wenzake wanamwita, akaitundika kofia kwenye msumari kando ya koti la bluu, akasema atarudi kuichukua pamoja na foto yake. Hakurudi. Kofia ikabaki, na vijana wa mtaa wakaanza kuiomba. "Mama Mapendo, unipige na ile." Nikawapa. Koti la bluu sasa lilikuwa la wazee, kofia ndiyo ilikuwa fasheni. Hatukuwa watu wa siasa, mwanangu, ninaapa. Tulikuwa watu wa msumari. Kilichotundikwa msumarini tulimvalisha aliyekuja.

Baba Sadiki alishuka kutoka Katogota, kwenye njia ya Bukavu, kumwona shemeji yake hapa Mulongwe. Akaja kwetu na mahindi, akakupa weye kwanza, halafu ndiyo akasalimia wakubwa. Alikuwa mtu wa shamba la mpunga, mikono mizito, sauti ndogo. Nikamuuliza foto ni ya nani. Akasema, "Ni ya Mama Sadiki. Anasema minye nikisafiri sura yangu inamutoka. Amesema nisirudi bila foto."

Tulimkalisha hapa nilipo sasa. Weye ulikuwa kando ya kamera, umeshika lile shuka jeupe la kurudisha mwanga, na mkono wa pili umeshika hindi unalitafuna, shuka linacheza. Baba yako akabonyeza, kisha akaguna. "Imeharibika. Ameangalia pembeni." Alikuwa anakuangalia weye na hindi lako. Filimu zilikuwa ngumu kupata siku zile, na baba yako alikasirika, na Baba Sadiki aliona kwamba amekosea. Akajikunja. Akaniambia, "Mama, minye niko mutu wa shamba tu. Labda foto haiko ya batu kama minye."

Hapo ndipo ningekaa chini nikamuuliza habari za mpunga. Lakini kulikuwa na watu wanangoja nje, baba yako ananuna, na minye nilijiona fundi. Nikanyoosha mkono kwenye msumari. Alisema, "Hapana, hii si yangu." Nikamwambia, "Vaa tu Baba, ni ya foto." Nikamvalisha kwa mikono yangu hii, nikaiinamisha kidogo upande. Mabega yakashuka, kidevu kikapanda. Baba yako akabonyeza.

Foto ilitoka nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga, Mapendo. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndiyo kweli. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeamuru. Nilijivunia. Yeye alikuwa amesharudi Katogota na alisema angekuja kuichukua baada ya wiki mbili. Minye nikaikuza kubwa, nikaiweka kwenye kadri, fremu ya mbao, nikaitundika dirishani. Sikumuuliza. Nilijiambia atafurahi akirudi na kuona mtaa mzima unamwangalia.

Siku ambayo askari wa serikali walirudi na risasi zikaanza kusikika upande wa Kavimvira, unakumbuka tulivyokimbia. Baba yako alibeba kamera. Minye nilikushika weye mkono mmoja, na mkono wa pili nilibeba sanduku la filimu, na juu ya sanduku nililitupia koti la bluu. Koti. Nilirudi ndani kulichukua. Nilipita mbele ya dirisha lile mara mbili, nikaenda ziwani, tukapanda mtumbwi. Foto nilikuwa nimeiona. Macho yangu yaliiona, na akili yangu haikufanya kitu, kwangu lilikuwa dirisha tu. Miaka yote hii narudia hatua zile mbili mbele ya dirisha. Ningenyoosha mkono tu.

Baba yako tulimzika ng'ambo, hilo unalijua. Tuliporudi hapa weye na minye, kioo kilikuwa kimevunjwa na kadri haipo. Nilifikiri ni wezi. Nilitaka kufikiri ni wezi.

Baada ya wiki chache alikuja Mama Sadiki. Uliingia kutoka mtoni ukamkuta, ukamsalimia, ukampa maji ya kunywa, naye akakuangalia sana. Hukujua ni nani, na minye sikukuambia. Alikaa hapahapa. Alinieleza bila kulia, kama mtu aliyeshayamaliza machozi. Walikuwa wanauza mchele kwenye soko la Sange, yeye na mume wake, askari wakapita na foto mkononi, wanaonyesha watu.

"Bakamuuliza, huyu ni weye?" alisema. "Akaishika foto. Mama Mapendo, alifurahi. Alikuwa hajajiona bado. Akasema, ndiyo, ni minye. Akaniita, akasema, kuya uone."

Alisema yeye alikuwa bado anafuta mikono kwa kitenge ili asiichafue foto. Alipofika walikuwa wameshamfunga. Wakampandisha kwenye kamyo, na hakuonekana tena, wala kaburi hajaonyeshwa.

Kisha akaniuliza, "Ile kofia ilikuwa ya nani? Bwana yangu hakukuwa na kofia kama ile."

Nikasema, "Sijui."

Nimeliandika. Ndilo neno lenyewe. Si kofia peke yake, si dirisha. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mama yule kwamba mume wake hakumficha kitu, kwamba hakuwa na maisha mengine ambayo yeye hakuyajua. Nikasema sijui, nikaangalia sakafu. Akaniuliza tena kama nina foto nyingine, hata ndogo, maana ile askari walikwenda nayo na yeye aliiona kwa mbali tu. Nikamwambia zote ziliungua. Sanduku la filimu lilikuwa juu ya kabati, juu ya kichwa chake, nililipandisha pale kwa sababu ya mafuriko. Akanishukuru. Akarudi Katogota kumlea Sadiki, na huko watu, nimesikia, walikuwa wanasema pembeni kwamba baba wa mtoto yule alikuwa mwasi na mke wake alijua.

Niliogopa. Askari walikuwa bado mtaani, na kofia ilitoka kwenye msumari wangu. Hicho kilikuwa kisingizio cha mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata sikuwa na kisingizio, nilikuwa na aibu tu, na aibu ikishakaa ndani ya nyumba inapata kiti chake. Kofia, niliyoikuta imeanguka nyuma ya meza, niliichoma jikoni. Koti la bluu nililikata nikalifanya tandiko, ndilo ulilolalia ulipokuwa na malaria. Na weye ukakua, ukaanza kugombana nami. "Mama, ni studio gani haina hata foto moja dirishani?" Nikakuambia jua linazipausha. Ulinung'unika, ukasema nina uvivu wa kupanga. Nilikuacha useme.

Sasa unajua kwa nini ninamuuliza kila mteja mara mbili kama amekuja na nguo zake, na kwa nini nikisikia mtu anasema "nipambe, Mama" nampa kioo ajipambe mwenyewe. Sikukatazi kumpamba mtu. Bibi harusi atakuja, mpambe. Lakini mtu akikuambia "hii si yangu," muamini. Hapo anakuonyesha alipo, na ukimvalisha kitu juu yake utampoteza. Tena foto yake ni yake. Usiitundike mahali popote kabla hajakubali kwa mdomo wake, hata kama ni nzuri mpaka inakunyima usingizi, hata kama baba yako mdogo atakasirika. Atakasirika, namjua, ni damu moja na baba yako. Mwache akasirike.

Hofu yangu ni kwamba una mkono wangu. Nimekuona unavyomnyoosha mtu kola, anavyokutii. Watu wanakuamini haraka kama walivyoniamini minye. Wengine hufurahi mtoto akiwarithi, na minye juzi nilikuona unamgeuza kidevu mzee wa watu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Wiki iliyopita, ulipokwenda sokoni, nilifunga madirisha nikaitoa filimu ile ya kwanza, ile iliyoharibika. Nikaisafisha kwa mara ya kwanza, nikaitia dawa mpaka sura ikatoka kwenye karatasi. Mapendo, haikuharibika. Yuko pale, kichwa wazi, shati lake mwenyewe, mikono imelala magotini haina la kufanya. Ameangalia pembeni, na midomo yake inaanza kucheka. Upande wa kushoto inaonekana ncha ya shuka jeupe na vidole vyako vidogo. Ndiyo sura ambayo Mama Sadiki hakutaka imtoke mume wake akisafiri. Tulikuwa nayo tangu mwanzo, na tuliita makosa kwa sababu hakuangalia tulipotaka.

Nilipoanza barua hii mpango wangu ulikuwa hivi: nikupe foto ndani ya bahasha, kamyo ikisimama Katogota uulize kwa Mama Sadiki, umpe, uendelee na safari. Nilikuwa nimeshaandika jina lake juu. Nimekaa hapa natazama bahasha hiyo, na nimeona ninachokifanya. Namvalisha mtu mwingine kofia yangu. Mtoto wa miaka kumi na saba ashuke mbele ya watu, aulizwe kofia ilikuwa ya nani, na mama yake yuko Uvira anakunywa chai.

Hapana. Kesho tutapanda wawili. Asubuhi utaniuliza kwa nini nimevaa kitenge cha ibada, nami nitasema nakusindikiza mpaka Sange. Huo utakuwa uongo wangu wa mwisho kwako, na hautadumu. Tukipita Sange sitashuka, na ukinibana kwa maswali nitakuambia ungoje kidogo, nitakuwa najikaza. Katogota nitakupa barua hii mkononi na nitateremka.

Sijui itakuwaje. Sadiki sasa ni kijana mkubwa, na ana haki ya kunifukuza au zaidi ya kunifukuza. Mama yake anaweza kuipasua foto mbele yangu. Anaweza kuichukua na asinisemeshe. Sijui kama nitapata kamyo ya kurudi kesho au nitalala barabarani. Ninaogopa, mwanangu, ninaogopa kuliko siku ya mtumbwi, na sitaki ujifanye hukuliona hilo usoni mwangu. Minye niliyewafundisha watu wote kukaa vizuri, kesho sijui nitaweka wapi mikono yangu.

Nasikia sauti yako barabarani, umeanza kuaga hapo kwa jirani. Una dakika za kucheka naye, basi namaliza. Ukifika Bukavu uniandikie upesi, uniambie pia unanionaje sasa. Niambie kweli, hata kama ni mbaya.

Na kamyo itakapoondoka Katogota, ukigeuka kuniangalia ukaona sikupungii mkono, usifikiri nimekukasirikia. Nitakuwa nimeishika ile foto kwa mikono yote miwili.

Mama yako